Mjomba Mbele ya Jaji

Dada Kabula,

Shikamoo. Najua huko uliko huwezi kunijibu, kwa hiyo marahaba nimejiitikia mwenyewe, tena kwa sauti, mpaka wifi yako Nyanzala akauliza kama nimepata mgeni.

Dada, Milembe wako sasa ni mtoto wangu kisheria. Jaji kasema jana asubuhi, na mimi tangu jana sijakaa kitako.

Ngoja nianze mwanzo. Tangu uondoke, viwanda vya minofu ya sangara vimeota hapa ziwani kama magugu maji, na kimoja kimeniajiri mimi, chumba cha visu. Sangara tunaowapasua, dada, wengine ukiwalaza mezani mkia unabaki nje ya mlango. Basi Milembe akashikwa na malaria, nikambeba hadi zahanati ya kiwanda. Mganga akasema, "Tunatibu watoto wa wafanyakazi. Huyu ni mpwa wako."

Mpwa. Mtoto anayelala kifuani kwangu tangu tukuzike.

Alitibiwa kwingine akapona, lakini neno lile halikunishuka kooni. Kwenye mkutano wa wafanyakazi nikasimama: "Mama akijifungua anapewa likizo. Mimi niliyepata mtoto bila tumbo, napewa nini?" Watu walicheka mpaka mashine ya barafu ikazimika. Meneja hakucheka. Baadaye tangazo likabandikwa: mfanyakazi anayetaka kuasili mtoto, yaani kumfanya wake mahakamani, kiwanda kitamlipia wakili na kumpa likizo yenye mshahara. Kiwanda kizima wanajua sheria hiyo nimeitunga mimi. Mimi wa darasa la nne, dada.

Baba mkubwa akaja kutoka Magu kunigombeza. "Tangu lini mjomba akaomba ruhusa kulea mtoto wa dada yake? Unabisha hodi nyumbani kwako?" Nikamwambia, "Baba, hapa kwetu ni wangu. Pale zahanati si wangu."

Halafu akaja bibi wa ustawi wa jamii, hapa Igogo, kukagua tunavyoishi. Nikaazima makochi ya jirani yetu Mama Neema ili nyumba ionekane ya mtu mzito. Bibi akamuuliza Milembe, "Wewe huwa unakaa wapi?" Mwanao, ulimi kama wako, akajibu, "Mkekani. Haya makochi ni ya Mama Neema, jioni tunarudisha." Jasho lililonitoka lingetosha kufulia. Nikajua basi, mtoto anakwenda kituo cha yatima. Yule bibi akavua viatu, akakaa mkekani, wakala michembe, vile viazi vyetu vikavu, na Milembe mpaka sahani ikaisha. Sikujua kama hiyo ni heri au shari.

Ndiyo jana tukaingia kwa jaji. Akaninyooshea kalamu, akamuuliza Milembe, "Huyu ni nani?" Wiki nzima nilikuwa nimemfundisha aseme baba.

Akasema, "Mjomba."

Wakili akakohoa. Nyanzala akanifinya. Jaji akauliza, "Unataka awe baba yako?"

"Ndiyo. Lakini nitamwita mjomba."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ni kaka wa mama."

Jaji akaivuta karatasi, dada. Kisha akasaini, akasimama, akanipa mkono, jaji mzima na joho lake. Asiyeamini akamuulize.

Tulipotoka nje nilitaka kumgombeza yule mtoto, nikajikuta nimembeba. Baba mtu yeyote anaweza kuwa, hata wa makaratasi. Lakini hakuna mjomba pasipo dada. Mimi nilikuwa namfundisha akufute, na sikujua.

Lala salama, dada yangu. Zahanati wanione baba, mahakama wanione baba. Hapa nyumbani nakuahidi sitamfundisha jina jingine. Aniite mjomba mpaka aote mvi, ili kila akiniita, na wewe uwe umetajwa.

Mdogo wako,
Shija