Fomu ya Raya

Jumatatu, 13 Januari

Wanne tena wamehama. Nimeita majina, kimya, nikajua. Basi la njano la skuli ya kulipia ya mjini Chake sasa linaingia hadi msikitini kwetu. Nimepiga mstari mwekundu juu ya majina yao katika daftari la mahudhurio. Wino mwekundu nao unakaribia kwisha.

Darasa la Tatu limebaki na watoto thelathini na mmoja. Juzijuzi tu walikuwa wakikaa chini kwa kukosa madawati. Leo madawati yako matupu na mimi nayafuta vumbi. Kuta hizi wazazi walizijenga wenyewe kwa msaragambo. Mimi mwenyewe, mtoto, nilibeba mawe kichwani, na mawe hayo nayajua mpaka leo. Wajukuu wa wajenzi ndio wanaopanda basi.

Mwalimu mkuu, Mwalimu Faki, kasema wakipungua chini ya thelathini tutaunganishwa na skuli ya jirani, na mimi nitapangiwa kwengine. Alisema huku anatazama dirishani. Watoto wake wawili wamo katika basi lile, tai shingoni.

Alhamisi, 16 Januari

Nina hasira. Naiandika hapa kwa sababu tangu mume wangu afariki nyumbani hamna wa kumwambia, na skulini kila mtu kachoka.

Ile skuli ya Chake haichukui kila mtoto. Inaleta fomu, mwalimu wa darasa anajaza. Anasoma? Anaandika? Tabia yake? Kisha mtoto anaitwa usaili. Anayejua kusoma anachukuliwa, asiyejua anarudi kwangu. Na kusoma nimewafundisha mimi, tangu Darasa la Kwanza, kidole juu ya neno, mpaka mate yakanikauka. Wao wanavuna tu.

Fomu tisa nimejaza kwa mkono huu. Kwa mwandiko mzuri kabisa. Mjinga mimi.

Amebaki Raya. Wengine wote waliobaki wanahangaika na silabi. Raya anasoma kama anakunywa maji. Akimaliza kazi yake anahamia dawati la nyuma, kwa Kombo, mtoto ambaye miaka miwili nimeshindwa kumfungua ulimi. Anamshika kidole na kukisogeza. Kombo kwangu anatetemeka, kwa Raya anacheka. Nusu ya kazi yangu anaifanya mtoto wa miaka tisa, na nusu nyengine naifanya vizuri kwa sababu yeye ananitazama.

Jumanne, 21 Januari

Mama yake Raya, Bi Mize, kaja wakati wa mapumziko. Anavunja kokoto kule juu, mikono myeupe kwa vumbi mpaka viwikoni. Kashika karatasi kwa ncha za vidole asiichafue.

Fomu. Skuli ya Chake ina nafasi moja isiyolipiwa, kwa mtoto wa shamba. Wamesikia habari za Raya. Nani kawaambia? Labda watoto wangu wale wa zamani, ndani ya basi.

"Mwalimu, hino karatasi mie siijui kusoma. Nakuachia weye."

Inatakiwa ifike Chake Ijumaa. Nikasema, usiwe na wasiwasi Bi Mize. Nikasema kwa sauti nzuri.

Jumatano, 22 Januari

Fomu imo mkobani. Sijaijaza. Nimeifungua mara mbili, nikatafuta kalamu, nikaanza kusahihisha madaftari.

Kombo leo kasoma sentensi nzima. "Baba analima muhogo." Darasa zima likapiga makofi. Raya aliruka juu mpaka kiatu kikamtoka. Nilitaka kulia. Nikawagombeza wanyamaze.

Ijumaa, 24 Januari

Tumetoka mapema kwa ajili ya sala. Mwalimu Faki alikuwa anakwenda Chake, akauliza kama kuna barua za kupeleka. Nikasema hamna.

Fomu nimeiweka katika droo ya kabati, chini ya karatasi za mitihani ya zamani. Sikusahau. Naliandika hili ili siku moja nisije nikajiambia kwamba nilisahau.

Jumapili, 26 Januari

Sikai. Nimefua mapazia yote, hata yaliyo safi. Nimeuhamisha mtungi, nikaurudisha. Nimefagia uwanja mara mbili, jirani kaniuliza kama nina wageni.

Nafanya hivi kwa ajili ya Kombo na wenziwe, najiambia. Akiondoka Raya darasa linakufa. Ni kweli. Na ni kweli pia kwamba nimechoka kuachwa.

Jumamosi, 1 Februari

Leo ndio usaili. Saa tatu nilikuwa jikoni nikitazama saa. Saa nne pia.

Jumatatu, 3 Februari

Bi Mize kaja tena. Nilimwona tangu mbali. Kaleta muhogo, kaufunga vizuri kwa ukili.

"Hawakumwita mwanangu. Naona haikuwa riziki yetu. Weye umehangaika, mwalimu, mie nashukuru."

Nikaupokea muhogo. Nikasema ahsante. Uko jikoni, hata sijaumenya, na kila nikipita nageuza uso.

Jumanne, 4 Februari

Nilidhani mama ndiye mgumu. Kumbe mtoto.

Raya kaniletea daftari baada ya kipindi. Ukurasa mzima kaandika jina lake, mstari kwa mstari, herufi kubwa, herufi ndogo, kila moja imekaa juu ya mstari. Kaniuliza kama ni mwandiko ndio uliomharibia. Anasema atautengeneza.

Nikamwambia mwandiko wako hauna kasoro. Akauliza, basi nini?

Nilimtuma chaki. Chaki yenyewe hamna.

Jumatano, 5 Februari

Nimeomba ruhusa, nimekwenda Chake kwa bodaboda, fomu kifuani. Nimeijaza usiku, kila mstari, kwa mwandiko wangu wa kujivunia.

Mkuu wa skuli ni mwanamke kijana, mpole, ofisi ina feni na jagi la maji. Nikamweleza yote, sikujisafisha. Akasema nafasi ishachukuliwa, kapewa mtoto wa kijiji cha Mgogoni. Mwakani, inshaallah, wataitoa tena. Nikaomba fomu ya mwakani, akanipa.

Nilipoinuka akaniuliza kama nimewahi kufikiria kufundisha kwao. Anasema watoto wote wanaotoka kwangu wanakuja wakijua kusoma.

Nilicheka kwa sauti. Sikuweza kujizuia. Nikatoka hata bila kuaga vizuri, na barabarani nikaona aibu.

Alhamisi, 6 Februari

Nimekwenda kwa Bi Mize, kule kwenye rundo lake la kokoto. Nilikaa juu ya jiwe mbele yake nikamwambia. Droo. Karatasi za mitihani. Mwalimu Faki na barua zake. Muhogo.

Hakuacha kugonga. Nyundo inapanda, inashuka. Nilitaka anitukane, ningeshukuru. Baadaye sana akaiweka nyundo chini, akajifuta uso kwa upindo wa kanga.

"Ungenambia wamtaka, mwalimu, ningekwachia."

Ni hilo tu. Akaendelea na kazi.

Nimerudi kwa miguu. Sijawahi kuambiwa neno zito kama lile, na hamna hata tusi moja ndani yake.

Jumatatu, 10 Februari

Raya anajua. Mama yake kamwambia. Kaingia darasani, kanipa shikamoo, kakaa pahala pake mbele. Mkono juu kila swali, kama siku zote. Nimepata nilichokitaka. Siwezi kumtazama machoni.

Jumatano, 19 Februari

Barua imekuja. Watatu wengine wamehamishwa na wazazi wao, wamebaki ishirini na wanane. Baada ya Sikukuu ya Idi tunaunganishwa. Mwalimu Faki kanisomea kwa sauti ya chini, safari hii akanitazama. Huenda nikapelekwa Makoongwe, ng'ambo ya maji. Mpaka hapo darasa ni langu.

Jioni, watoto wakishatoka, nabaki na Raya kwa Kiingereza na hesabu za usaili. Nilimwomba ruhusa mama yake, akaitikia kwa kichwa. Kombo naye anabaki, hakubali kwenda nyumbani bila Raya. Anakaa nyuma na kitabu chake, kidole juu ya neno, anakisogeza mwenyewe.

Leo Raya kakosea swali moja tu. Nikamtazama machoni, nikamwonesha pa kusahihisha, akasahihisha.

Fomu ya mwakani nimeijaza yote, imebaki tarehe. Sikuiweka droo. Nimempelekea Bi Mize mpaka kwake. Kanawa mikono kwanza, kaipokea, kaiweka juu ya kabati chini ya msahafu, akanikaribisha chai.