Picha ya Nyanya Iliyonipita Mkononi

Mutindi, nimekasirika sana.

Unajua vile nimepekua picha za zamani za kanisa hapa Kilungu nikitafuta nyanya Nzilani, mwenye nilipewa jina lake. Wakiuru amempata. Wakiuru! Mgeni wa juzi hapa Kilungu!

Ni picha ya 1971, wamama wa mwethya, kile kikundi cha kusaidiana kazi, wakichimba mitaro shambani, mmoja anawaimbisha jembe likiwa juu. Nyuma imeandikwa "Bilha". Niliishika, Mutindi. Nikairudisha, kwa sababu ya hilo jina!

Wakiuru akaniuliza tu, "Kwani nyanya yako hakubatizwa?"

Kumbe Bilha ni yeye, jina lake la ubatizo.

Eti hakubatizwa! Kuniuliza mimi!

Ameshampelekea mama hiyo picha. Mama amelia, akamkumbatia Wakiuru, halafu akaniangalia, akasema:

"Huyu ndiye angeitwa Nzilani."