Kumpima Nyuki

Jumatatu, 4 Machi

Nimeitwa shuleni. Mteja wa mwisho nilimnyoa mbiombio — Mungu anisamehe ile pembe ya kushoto.

Mwalimu wa chekechea ni binti mpole, ana watoto arobaini na wanane. Anasema Nyuki hasikilizi. Aliambiwa achore mti, akachora mtu. Akaambiwa tena, mti! Akamwongezea yule mtu kofia. Darasa zima likacheka. Na kengele ikilia, anaingia chini ya dawati.

Mwalimu mkuu hakuzunguka. Tumpime masikio, tulete ripoti kabla ya muhula mpya, la sivyo atarudia mwaka. Huenda hasikii, anasema. Hasikii! Mtoto anayesikia ganda la peremende likimenywa chumba cha pili!

Nilirudi kazini nimenuna. Nyuki ni jina nililompa mwenyewe. Makelele yakizidi huwa anavuma — mmmmm — mdomo umefungwa, macho mbali. Ana miaka mitano na nusu. Nilidhani ni mchezo wake tu.

Jumatano, 6 Machi

Nimempima mimi! Nilisimama nyuma yake nikanong'ona "biskuti." Akageuka kabla sijafunga mdomo. Nikamwita mama yake ashuhudie. Mama yake akaniangalia tu, akawasha redio, akawasha na blenda, kisha akasema kwa sauti ya kawaida: "Mwanangu, leta viatu."

Nyuki akaenda jikoni. Akarudi na viazi viwili, kimoja kila mkono, uso unang'aa kama kaleta dhahabu.

Tulicheka mpaka machozi. Halafu kicheko kikaisha, hakuna aliyejua pa kuangalia. Tumevila vile viazi.

Ijumaa, 8 Machi

Hospitali. Foleni kama ya kugawa bure. Mpimaji wa masikio ni mwanamke mnene mwenye sauti ya chini, anamwita Nyuki "bosi." Kamwingiza kwenye kachumba kasikopitisha sauti, kamvalisha hedifoni kubwa kuliko kichwa. Kila ukisikia mlio, bosi, tia kigae kimoja cha plastiki kwenye kopo. Sisi tuko nje ya kioo. Kigae. Kigae. Kigae. Hata pale ambapo mpimaji mwenyewe alisema mlio huo watu wazima wengi huukosa — kigae!

Masikio mazima. Nilitaka kumbeba mpimaji begani, sema uzito.

Mama Nyuki hakucheka. Akauliza: "Sasa viazi?"

Mpimaji akakaa chini, akaeleza taratibu. Sikio lake linapokea vizuri sana. Kazi ya kuchambua ni ya ubongo: ipi sauti ya mwalimu, ipi ya feni, ipi ya jirani anayekwaruza dawati. Huenda hapo ndipo panapokwama. Kipimo chenyewe cha uchambuzi huo hawakifanyi kabla ya miaka saba, majibu ya mtoto mdogo hayaaminiki. Miaka saba! Na mwalimu mkuu anataka ripoti mwezi ujao.

Lakini kipo kingine, akasema, cha kuona mtoto anavyopokea makelele, mguso, mwanga, mwendo. Hicho hata leo anaweza, ila nafasi ni tarehe mbili Aprili. Akatuandikia barua. Nyuki akaomba abaki kwenye kale kachumba. "Humu pazuri," kasema. "Humu hamna mtu."

Jumapili, 10 Machi

Mama mkwe kaja. Kasikiliza habari yote huku anamenya chungwa. Kisha: mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Mnamdekeza. Masikio mazima halafu hasikii? Huo ni ukaidi, na dawa yake tunaijua sote. Nilimpokea maganda. Mkwe ni mkwe.

Jioni akamkalisha Nyuki amsuke. Chanuo halijafika katikati, mtoto kapiga yowe la kuvunja vioo. Bibi akashtuka, chanuo likamdondoka. Mbona kama namchoma moto? Akamwangalia. Akamwangalia sana. Akasema, kama anajisemea mwenyewe, kwamba hata mama yake Nyuki alikuwa hivi utotoni. Alikuwa akivaa gauni ndani-nje, eti mshono unamng'ata. Kila asubuhi ya shule, vita.

"Mkafanyaje?" niliuliza.

Mke wangu ndiye aliyejibu, anakunja nguo, hakuinua kichwa: "Nilichapwa, Baba Nyuki. Kila asubuhi."

Mama mkwe kaaga mapema, chungwa kaliacha nusu.

Miaka tisa ya ndoa. Nimefua yale magauni, nimeyaanika, nimeona lebo zote zimekatwa. Sikuwahi kuuliza.

Alhamisi, 21 Machi

Mwalimu mpole kamhamisha Nyuki mbele, mbali na dirisha. Kwa hiari yake! Anamgusa bega kwanza, ndipo anasema. Leo kachora mti. Una macho, lakini ni mti.

Nilimuuliza Nyuki darasani kukoje. Kafikiri. "Baba, sauti zote zinataka kuingia mara moja. Zinasukumana. Ya mwalimu ni ndogo, inaanguka."

Nilijifanya natafuta taulo.

Jumanne, 2 Aprili

Siku yenyewe. Chumba kina bembea inayoning'inia darini, beseni la maharage makavu, brashi za kila aina. Mtaalamu ni kijana mrefu, soksi zake hazifanani. Hakumwambia Nyuki kitu. Alikaa tu sakafuni, akatumbukiza mikono kwenye maharage. Dakika tano, Nyuki naye kakaa. Dakika kumi, wamezika gari. Kumbe kipimo kishaanza!

Sisi tulipewa fomu. Maswali kurasa sita. Je, mtoto hukerwa na lebo za nguo? Huziba masikio? Hukataa kuchanwa? Mke wangu anatia alama, anatia alama. Ukurasa wa nne akasimamisha kalamu.

"Baba Nyuki, hapa wanauliza juu yake au juu yangu?"

Nikamwambia andika tu, mama, tuwapime wote wawili kwa tiketi moja. Kacheka. Kalia pia, vyote kwa pamoja, wino umetapakaa kwenye swali la ishirini na saba.

Kwenye bembea Nyuki hakuvuma hata kidogo. Alikuwa anaimba.

Jumatano, 10 Aprili

Ripoti imetoka. Sivyo kama nilivyoogopa, wala sivyo kama nilivyoomba. Makelele na mguso vinamfikia kwa nguvu mno. Ya uchambuzi wa sauti wanayashuku, atapimwa akifika saba. Kwa sasa: akae mbele, apewe agizo moja moja, aruhusiwe kuvaa vizuia-sauti, asirudishwe nyuma. Akili yake, wameandika, "ni kubwa kuliko umri." Nimeusoma mstari huo kwa wateja wanne. Mmoja sikumfahamu.

Mke wangu kaenda kumsomea mama yake yote. Mama mkwe kauliza tu mkutano wetu na mwalimu mkuu Ijumaa ni saa ngapi.

Ijumaa, 12 Aprili

Naandika nje ya ofisi ya mwalimu mkuu, daftari liko gotini. Shule imefungwa, korido tupu, Nyuki kaniegemea. Mwalimu mkuu kaipokea ripoti kwa vidole viwili. Eti vile vizuia-sauti yeye haviruhusu, akimruhusu mmoja, arobaini na saba watavitaka.

Hapo mlango ukabishwa. Mama mkwe! Kavaa nguo ya harusini. Hakuna aliyemwalika. Kanisalimu kwa heshima, kaniomba nimtoe mtoto nje, ana neno moja na mwalimu. Neno moja! Robo saa sasa. Mke wangu yumo nao.

Mlango mzito. Sisikii kitu.

Nyuki kainuka begani mwangu, kichwa upande. "Baba, Bibi anamwomba Mama msamaha."

Nani kakwambia?

"Anasema mwenyewe. Analia." Kasikiliza tena. "Na mwalimu kasimama."

Nimeweka sikio mlangoni. Hata kidogo! Lakini kitasa kinazunguka —