Fomu ya Bima na Chuma cha Mlangoni

Jumatatu, 4 Agosti
Ukungu, kisha manyunyu hadi saa nne. Nimekwangua matope ya buti kwenye chuma cha mlangoni, nimeondoka nyumbani Majimbo saa moja. Kianjokoma, nyumba ya mwalimu. Sebule imekwisha, vyoo viwili vimebaki. Mutwiri, fundi wangu, anakata vigae, mimi nabandika.

Daktari wa mji wa Maua amepiga simu. Kliniki yake mpya, vyumba kumi na vinne, ni yetu kuweka vigae. Lakini anataka cheti cha bima kufikia Ijumaa. Sijawahi kuwa na bima. Miaka tisa nimefanya kazi kwa kuomba Mungu.

Jumanne, 5 Agosti
Baridi. Ofisi ya bima, Embu mjini. Ajenti mwenye tai amenipa fomu mbili. Ya kwanza inalipa tukiharibu mali ya mteja: bomba likitobolewa, maji yakifurika. Cheti hutoka siku hiyo hiyo. Daktari anataka hiyo tu. Ya pili ina hayo yote, pamoja na fundi akiumia. Bei karibu mara mbili, maswali kurasa tatu, na cheti hutoka Nairobi baada ya siku kadhaa. Pesa nilizo nazo zinatosha moja. Hakuna inayolipa vigae vikibanduka. Hiyo ni juu yangu, na ni haki.

Fomu ya pili inataka majina ya kitambulisho. Nimempigia Mutwiri. Kumbe anaitwa Erastus. Miaka sita sikujua.

Swali la kumi na moja: je, kila grainda ya kukatia vigae ina gadi, kile kifuniko cha chuma kinachokinga diski? Zetu hazina. Gadi inazuia diski ukikata kwenye kigae shimo la mviringo la bomba la choo, kwa hivyo mafundi huing'oa siku wanayonunua mashine. Nimeacha wazi.

Ajenti: "Madam, weka tiki tu. Nani atatoka Nairobi kuja kuchungulia grainda?"

Nimesoma maandishi madogo nyumbani. Wakigundua ulidanganya, hawalipi. Ningekuwa nimenunua karatasi tu.

Jumatano, 6 Agosti
Jua kidogo. Saa tano diski imepasuka. Mutwiri alikuwa akikata shimo la choo. Kipande kimepita kando ya sikio lake, kimekwama kwenye mlango mpya wa mwalimu.

Amecheka. "Imenisalimia tu, Mama Kendi. Mlango ndio umeumia."

Fomu ya kwanza ingelipa mlango. Sikio, hapana.

Si yeye aliyeng'oa gadi. Ni mimi. Nilimfundisha hivyo wiki yake ya kwanza, na alipouliza nilimcheka. Naona aibu.

Alhamisi, 7 Agosti
Ukungu. Nimetafuta gadi kabla ya chai. Moja ilikuwa kwenye mkebe wa misumari. Nyingine nimekuwa nikiikwangulia buti kila asubuhi. Ndiyo chuma cha mlangoni, nusu duara. Niliizika kwenye saruji mwenyewe. Dakika ishirini kwa patasi na nyundo.

Zote zimefungwa. Mutwiri ameziangalia sana. "Sasa shimo la choo nikate na meno?"

Amekata polepole, akamalizia kwa koleo, akimega kigae kidogo kidogo. Dakika arobaini. Shimo limetoka baya. Choo kitalifunika.

Jioni nimejibu swali la kumi na moja: ndiyo. Nimetia sahihi fomu ya pili na kulipa. Cheti ni Jumanne.

Ijumaa, 8 Agosti
Manyunyu. Nimemwomba daktari angoje siku nne. Hawezi. Amesema bila ukali. Mafundi wa Meru mjini wanaanza Jumatatu. Nimekasirika, na sina wa kumkasirikia.

Nimemwambia Mutwiri wakati wa chai. Ameweka kikombe chini:

"Hiyo bima imeandikwa jina langu lote?"

"Lote."

"Na Erastus?"

"Na Erastus."

"Haya." Amerudi kukata.

Jumanne, 12 Agosti
Asubuhi kavu, mvua alasiri. Cheti kimefika. Majina mawili, langu na lake, hayana makosa. Nimempa nakala. Ameikunja mara nne, ameiweka pamoja na kitambulisho.

Choo cha mwisho kimekaa. Mlango wa mwalimu nimeujaza puti na kuupaka vanishi. Ukitafuta sana utaona. Kazi ya wiki ijayo bado sina.

Nimekwangua buti kwa kijiti. Nazima taa, saa tatu na dakika kumi.