Somo la Nane

Taaka,

Nimevuka mpaka kwenda Majanji kuchukua samaki. Maharagwe yako jikoni, yapashe moto. Kuku wasiingie ndani.

Asubuhi umeondoka bila chai, na najua kwa nini. Baba yako alipokutilia kitabu cha fizikia cha marehemu kaka yako kwenye begi, mimi niliendelea kuosha vikombe kama sijaona.

Kesho mwalimu akiuliza masomo utakayochagua, ~~chukua tu masomo manane, umridhishe baba~~ hapana. Chukua saba. Chuo kikuu kinahesabu saba. Fizikia ilikuwa ya Mangeni, na Mangeni tulimzika. Sikukuzaa uje kumalizia masomo yake.

Baba akinuna, mwache anune. Kitabu kirudishe juu ya kabati, usikitupe.

~~Mama Mangeni~~
Mama Taaka