KIKAO KUHUSU MTUNZA BUSTANI NA FUNDI PAMPU

Siku: Jumanne, baada ya kusafisha vichujio.
Mahali: Chumba cha pampu ndogo, ndani ya kuba.
Waliohudhuria: Mwenyekiti (fundi mkuu wa pampu), Mama yake Mwenyekiti (mjumbe wa heshima), Mweka Stoo, na Katibu, mama mzazi wa mtunza bustani.
Hakuhudhuria: Mpishi. Anaumwa jino.

KUMB. NA. 1/ KUFUNGUA
Mwenyekiti aliwakaribisha wajumbe. Katibu alitaka ijulikane kwamba tangu binti yake akabidhiwe bustani, mimea inatoa hewa safi na hakuna aliyezimia tena humu ndani ya kuba. Mwenyekiti alisema hilo si ajenda. Limeandikwa.

KUMB. NA. 2/ MAPENZI YALIYOKATAZWA
Mwenyekiti alieleza kwamba mwanawe, fundi pampu, alikutwa kwenye maboga ameshikana mikono na mtunza bustani. Alikumbusha kibao cha kwenye ujia: KATI YA BUSTANI NA MITAMBO NI MARUFUKU KUOZESHA. Alifafanua kwamba wazee waliogopa ukoo mmoja ukishika hewa na maji utatukaba wote. Alipendekeza binti ahamishiwe jikoni.

Katibu aliuliza maua ya maboga yatachavushwa na nani, maana nyuki hakuna, na huko nje ya kuba hata hewa ya kuvuta hakuna. Mweka Stoo alisema yeye anaweza. Katibu alimkumbusha mchicha alioumwagilia supu. Wajumbe walicheka, isipokuwa mhusika.

Hapo Mama yake Mwenyekiti aliomba kusema, akasema kabla hajaruhusiwa: "Nyie! Kibao hicho nilikiandika mimi. Mlikuwa mnarundika maganda pale kwenye ujia yanaoza, funza wanaingia kwenye pampu. Harusi kaitaja nani?"

Mwenyekiti: "Mama, mbona miaka yote hukusema?"

Mama yake: "Uliniuliza? Mimi nilidhani vijana wenu hawapendani tu."

Mweka Stoo alisikika akisema, "Kumbe ningeoa."

KUMB. NA. 3/ UAMUZI
Mwenyekiti alikiri kwamba sheria hiyo haipo wala haijawahi kuwepo. Iliamuliwa binti abaki bustanini na wawili hao waoane. Katibu alipiga vigelegele. Mwenyekiti alimwomba azingatie utaratibu. Katibu alizingatia, kisha akapiga tena.

Wapenzi waliitwa waje wasikie. Binti alijibu kwa simu ya ukutani, na maneno yake ni haya: "Mama, maua yamefunguka yote leo, yakifunga tumekosa. Mwenzangu yuko hapa na brashi. Mkimaliza kugombana, njooni mtusaidie."

Mwanangu huyo.

KUMB. NA. 4/ KUFUNGA
Kikao kilifungwa mchana, wajumbe wote wakaelekea bustanini. Mweka Stoo alipewa brashi na mtu wa kumwangalia.

Mwenyekiti: ................ (saini ina chavua, aliitia huko huko)
Katibu: ................ (mkwe mwenzake)