Kahawa ya Makumbusho

Mabatini, Mwanza
12 Machi 1974

Kwako Bibi Kokushubira,

Shikamoo. Sisi wazima, ila Mama amechoka kuniona nimekaa tu tangu nimalize shule.

Basi jana nilikwenda kuomba kazi kwenye makumbusho madogo ya biashara ya kahawa. Mezani palikuwa na kikapu cha buni. Ulinifundisha kwamba mgeni akiwekewa kahawa ya kutafuna hakatai, basi nikachukua mbili, nikatafuna.

Msimamizi, Mzee Shaibu, akapiga kelele: "Binti, umekula historia! Hizo ni za mwaka 1926!"

Nikajibu kwa adabu, "Asante, Mzee. Zimekauka kidogo tu."

Alicheka hadi akaketi. Kazi nitapata nikizirudisha. Tafadhali Bibi, nitumie buni kwa meli, na nyingine nizitafune nyumbani kabla ya kwenda kazini.

Mjukuu wako,
Kemilembe